Mashine inakohoa na kuzima ziwani baada ya dakika 20: CDI iache dukani kwanza

Swali: Shikamoo fundi. Niko huku Kayenze, Mwanza, nina mtumbwi wa mbao futi 28 na mashine Yamaha 15 Enduro niliyonunua mkononi kwa mtu mwaka jana. Pale mwaloni tunapoegesha mitumbwi inawaka vuta moja tu, sailensa (ikiunguruma taratibu bila kuongezewa moto) safi kabisa, ila nikishatoka kama dakika 20 hivi inaanza kupungua nguvu, inakohoakohoa, inazima. Nikikaa kama dakika 10 inawaka, natembea dakika tano inazima tena. Fundi wa hapa keshabadilisha plagi mara mbili na kabureta kaifungua mara tatu, sasa anasema CDI imekufa ninunue nyingine. Ni kweli? Maana hela yenyewe ni ya kuungaunga.

Marahaba mdogo wangu. Hela yako ishike kwanza. Sisemi CDI, yaani kile kiboksi cha kuongoza cheche za plagi, hazifi, zinakufa sana tu, lakini umeme ukikatika mashine haikohoi, inazima ghafla kama mtu kazima taa, ulikuwa unaunguruma mara kimya, unasikia maji tu yanapiga ubavu wa mtumbwi. Mashine inayopungua nguvu taratibu, ikakohoa, ikajivuta kidogo halafu ikazima, mara nyingi sana hiyo imekosa mafuta, au imepata joto. Ndo maana mtu akiniletea mashine hapa Kirumba kabla sijashika spana namuuliza ilikufaje, anisimulie dakika ile ya mwisho kabisa, na wengi wanashindwa kwa sababu wakati ule kila mtu alikuwa anavuta kamba na kupiga kelele. Wewe umesimulia vizuri mno, na jibu lako nusu yake liko humo humo kwenye swali.

Angalia zile dakika zako, 20, halafu unapumzika 10, halafu tano. Zinaongea. Tanki la mafuta likiwa halipati hewa, mashine inavuta mafuta lakini hakuna kitu kinachoingia kujaza ile nafasi iliyoachwa, kwahiyo ndani ya tanki unajengeka mvuto unaoyarudisha mafuta nyuma. Mwanzoni pampu ya mashine inashinda huo mvuto, inaenda inaenda mpaka unafika mahali pampu inashindwa, mafuta yanakuwa haba, mashine inakohoa na kufa. Ukikaa dakika 10 hewa kidogo inapenya penye vimianya, mvuto unapungua, unavuta kamba inawaka, unafurahi, ila hewa iliyoingia ni ndogo kwahiyo inakupa dakika tano tu sio 20 tena. Na tanki likiwa limejaa mpaka juu tatizo linakuja mapema zaidi kuliko likiwa nusu, maana nafasi ya hewa ni ndogo. Hebu kumbuka safari zako kama iko hivyo.

Sasa shika kifuniko cha tanki lako. Juu yake kuna kaskrubu kadogo ka hewa, hako kanatakiwa kafunguliwe kabla hujatoka na kafungwe ukishafika. Watu wanakafunga kwa sababu wimbi linarusha maji, au kijana wa boti alikafunga wakati wa kubeba tanki akasahau, au kameziba na uchafu na chumvichumvi ya kutu, unakazungusha unaona kamefunguka kumbe tundu halipitishi. Kafungue, puliza kwa mdomo, hewa ipite.

Kuna jamaa wa dagaa alinijia kutoka Igombe, giza ndo lilikuwa limeanza yaani zile siku za kazi zisizo na mwezi, mashine inamzimia kila usiku katikati ya safari. Yeye hakuwa na tanki, alikuwa anatumia dumu la lita 20, mpira wa mafuta kaupitisha kwenye kifuniko na pale kwenye tundu kazungushia mpira wa baiskeli akakaza kabisa maji yasiingie. Kazi safi ya mikono, haivuji hata tone, na ugonjwa wenyewe ulikuwa hapo hapo. Mafundi wawili walishaingia kwenye kabureta. Nililegeza kile kifuniko tukaingia nae majini, mashine ikatembea saa nzima haijakohoa hata mara moja. Alishapoteza siku tatu za giza, na mwenye kuvua dagaa anajua siku tatu za giza ni kitu gani. Iliniuma kwa kweli, kwahiyo tangu siku ile naanzia kwenye kifuniko hata kama mtu kaniambia ameshakiangalia. Na hayo madumu jamani tuyaache, dumu la mafuta ya kula halikutengenezwa kukaa na petroli kwenye mtumbwi wenye watu na karai la moto.

Kama hewa ya tanki iko sawa, kuna vitu viwili vingine vinatoa dalili hizo hizo na fundi wako hawezi kuviona akiwa kwenye kabureta. Cha kwanza ni ule mrija unaoshuka ndani ya tanki, chini yake kuna kachujio. Tanki likiwa na takataka, vipande vya rangi, nyuzi za tambara, kale kakaratasi ka gundi ka kwenye chupa ya oili, mashine ikivuta zinaenda zinaganda kwenye kachujio, ukizima zinadondoka chini, ukiwasha zinaanza safari upya. Mwaga mafuta yote kwenye beseni safi uchungulie na tochi ya betri, sio kibiriti. Cha pili ni mpira wenyewe wa mafuta. Mpira uliozeeka unaachia ngozi ya ndani, kwa nje unaonekana mzima unang'aa, ndani ile ngozi inajikunja mashine ikivuta kwa nguvu inaziba njia. Kwa sailensa haionekani kwa sababu mafuta yanayohitajika ni kidogo, ndo maana pale mwaloni inaunguruma vizuri wewe na fundi mnapeana mikono, ukienda kufungua moto wote huko mbele ndo inadai mafuta mengi na njia hamna.

Kipimo chake hakihitaji hela. Kile kipira cha kupampia mafuta kilichopo katikati ya mpira ndo daktari wako. Toka na mwenzako, mashine ikianza tu kukohoa, yaani kabla haijazima, yeye akikamate akiminye minye. Kama nguvu zinarudi papo hapo basi umeshajua, shida ni mafuta kufika, CDI haihusiki kabisa, mkono wa mtu hauwezi kuongeza umeme. Halafu akiangalie kikoje. Kikiwa kimebonyea, kimejifinya chenyewe bapa, kizuizi kiko nyuma yake, upande wa tanki, yaani hewa ya kifuniko, kachujio, au mpira wa upande ule. Kikiwa kilaini kinaminyika tu hakikazi hata ukipampu sana, kuna mahali kinavuta hewa badala ya mafuta, au valvu zake za ndani zimechoka, au kuna mahali mafuta yanatoka. Angalia klempu, angalia zile koneta za kuchomeka, ndani yake kuna karinga ka mpira kanakatika na kukauka, hako kakifa hewa inaingia na wala huoni mafuta yakidondoka nje. Na kikiwa kigumu kabisa na bado mashine haitaki, hapo mafuta yamefika mpaka kwenye mashine, tutafute ndani. Kitu kingine, kipira kina mshale, mshale uelekee kwenye mashine. Nimeshakuta kimefungwa kinyume, na mwenye boti anapampu mpaka vidole vinauma.

Njia ya mkato ninayoipenda kuliko zote ni kuazima. Hapo Kayenze wenye Yamaha 15 hawakosekani, omba jirani tanki lake pamoja na mpira wake wote kwa saa moja, chomeka, tembea dakika 40 karibu na nchi kavu. Ikienda bila kukohoa basi ugonjwa uko kwenye tanki lako au mpira wako, na utanunua mpira na kipira, vitu vya bei ndogo sana ukilinganisha na CDI. Ikikohoa vile vile ugonjwa uko kwenye mashine, na hapo ndo tunaanza kufungua.

Upande wa mashine usikimbilie kabureta, hiyo imeshafunguliwa mara tatu na kila ikifunguliwa gasketi inachoka. Kuna kachujio kengine hapo chini ya kava, na kuna pampu ya mafuta, ndani yake kuna kimpira chembamba cha dayaframu kinachochezeshwa na pumzi za silinda zenyewe. Kikipasuka au kikikakamaa pampu inasukuma kidogo kidogo, mashine inaishi sailensa, moto mkubwa inakufa, na hapo pia ukiminya kipira inafufuka. Kubadilisha ni kazi ya nusu saa kwa mtu anayejua, ila aweke vipande kwa mpangilio aliovikuta.

Halafu maji. Ukinunua petroli kwenye vidumu huko mialoni huwezi jua imepita wapi, imenyeshewa, imechakachuliwa, au tanki lako lenyewe limelala nje na mvua imeingia. Mimina kidogo kwenye chupa ya maji ya kunywa inayoona ndani, iache usiku mzima, asubuhi maji utayakuta yamekaa chini kama shanga, petroli juu. Maji yana tabia mbaya, mtumbwi ukiwa umetulia yanalala chini ya tanki, ukikutana na wimbi yanachanganyika yanavutwa, kwahiyo mwaloni hakuna shida. Chini ya bakuli la kabureta kuna skrubu ya kumwagia, ifungue uone kinachotoka, sio lazima kabureta ishushwe.

Kitu ambacho sijui kama mtu ameshakuambia, na naomba ukishike sana. Mashine yako ni tustroki, yaani ya kuchanganya oili na petroli. Oili inayolainisha pistoni, ringi na beringi inakuja na hayo hayo mafuta, haina njia nyingine. Kwahiyo kila mafuta yanapokuwa haba na oili nayo ni haba, muda huo huo mashine inapata joto zaidi ndani kwa sababu mchanganyiko umekuwa wa hewa nyingi. Ukiendelea kuilazimisha, inakohoa wewe unaongeza moto, inazima unavuta, unarudi nyumbani hivyo hivyo kila siku, unaikwangua silinda. Mwezi mmoja baadae utakuja kuniambia imepoteza kompresheni, na kifuniko cha tanki kitakuwa kimekula pistoni mbili. Usiende nayo kazini mpaka hii ishu iishe. Na ukichanganya, uwiano wa kawaida wa hizi ni 50 kwa 1, yaani lita 20 za petroli oili ni mililita 400, lita 10 ni 200, oili ya mashine za boti za tustroki sio ya gari na sio iliyomwagwa kwenye pikipiki. Pima kwa chupa yenye mistari, sio kwa kukadiria rangi. Mashine ikiwa imetoka kufanyiwa ovahoo saa 10 za mwanzo oili inakuwa mara mbili, 25 kwa 1.

Sasa joto, kwa sababu nalo linaanza kwa kupoteza nguvu na nalo ukipumzika dakika 10 mashine inawaka. Angalia yale maji ya kupoza yanayokojolewa nyuma ya mashine. Yatoke kwa nguvu muda wote, na muhimu uyaangalie dakika ya 15 na ya 18, sio pale unapowasha. Yakiwa yanapungua au yanatoka mvuke, zima, inua mashine utazame matundu ya kuvutia maji chini karibu na propela. Kwenye ghuba yetu hii magugu maji, mifuko ya plastiki na vipande vya nyavu vinajibandika pale kila siku. Kama matundu ni masafi basi ni impela, ile feni ya mpira, mabawa yake yanakatika au yanakaa yamekunjika. Wewe umenunua mkononi kwa mtu, hujui ina miaka mingapi humo, mimi ningeibadilisha hata kama sio ugonjwa wa leo. Na tafadhali mwambie fundi wako asiwashe mashine nchi kavu eti kutesti, hata sekunde chache, impela inalainishwa na maji yenyewe, ikizunguka kavu inaungua. Tafuteni pipa la maji. Mashine ikishapata joto pia usiimwagie maji kichwani, iache ipoe yenyewe.

Kuna watu watakwambia ni mwinuko, ziwa letu la Victoria liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari na hewa ni nyepesi. Ni kweli mashine huku inatoa nguvu pungufu kuliko Dar au Tanga, lakini hiyo ni pungufu ya siku zote toka unapowasha, haisubiri dakika 20. Achana nayo.

Umeme sijausahau. Plagi zako usizitupe, zisome. Siku ya majaribio mashine ikizima tu, kabla hujavuta kamba hata mara moja, fungua plagi zote mbili kwa tambara maana ni za moto, uziangalie. Kavu kabisa haina harufu ya petroli, mafuta hayakufika. Imelowa petroli, mafuta yalikuwepo ila hayakuchomwa, sasa hapo umeme tunauzungumzia. Nyeupe kama chaki, inaungua kwa mafuta haba au joto. Moja imelowa na moja iko sawa, silinda moja ilikuwa imelala, na mashine ya silinda mbili ikibaki na moja inatikisika mno na haina nguvu lakini inaweza kujikokota.

Kama zimelowa, usianze na CDI bado. Anza na swichi ya kuzimia na kale kakamba kake kekundu, mara nyingi waya wake umechubuka mahali unagusa bodi, mashine ikitetemeka inajizima yenyewe. Kwenye Yamaha ule waya wa kuzimia ni mweupe, fundi auchomoe kwa muda, mkatembee nao. Ila elewaneni kabla kwamba kitufe hakitafanya kazi, mtazima kwa kuvuta choki au kuchomoa mpira wa mafuta, na mkimaliza majaribio mrudishe, hako kakamba kanaokoa maisha ya anayedondoka nje ya boti. Baada ya hapo ni koili za chini ya flaiwili, lile gurudumu la juu linalozungushwa na kamba. Koili ikichoka ina kawaida ya kukata cheche ikipata moto na kurudisha ikipoa, na hizo zinapimika kwa mita, iwe baridi na iwe ya moto, mkalinganisha na namba za kitabu cha mashine hiyo. CDI ni ya mwisho kabisa kwa sababu haipimiki vizuri kwa mita ya kawaida, unaijua kwa kuazima nyingine nzima na kufunga. Duka likishakuuzia ukafunga halirudishi, kwahiyo azima kwanza. Na mkiangalia cheche, plagi ishikizwe vizuri kwenye bodi, mbali na tundu la silinda na mbali na tanki, mvuke wa petroli hausubiri.

Siku ya majaribio yenyewe, toka asubuhi kabla upepo haujakaza, mtu mwingine awe na wewe, tembeeni sambamba na ufukwe msivuke kuelekea Ukerewe. Jaketi okozi mvae, sio kuzikalia. Makasia mawili, nanga na kamba ndefu ya kutosha, simu ndani ya mfuko usioingiza maji, na mtu wa BMU (kikundi cha kusimamia mwalo) au jirani mwaloni ajue mmetoka saa ngapi na mnarudi saa ngapi. Ikizima na upepo umeanza, cha kwanza ni kushusha nanga, kuvuta kamba ya mashine ndo baadae, kwa sababu kila dakika unayovuta kamba mtumbwi unageuka ubavu kwa wimbi. Penye kina nanga isipofika chini, funga ndoo au rundo la wavu kwenye kamba uburuze mbele, pua ya mtumbwi itatazama wimbi.

Kwahiyo kesho fungua kale kaskrubu, azima tanki la jirani, peleka mtu wa kushika kipira. Andika imechukua dakika ngapi, kipira kilikuwaje, maji ya nyuma yalikuwaje, plagi zimetoka zikoje, uzipige picha plagi zote mbili unitumie hapa kabla hujazipangusa.